Tambi Zisizovunjwa

Wako wanaojisifia nyumba za vigae, wako wanaojisifia watoto waliofika vyuo vikuu. Mimi najisifia tambi. Tambi za samaki na mboga, chakula cha jioni cha kawaida kabisa, ambacho ukinikuta jikoni kwangu hapa Uyole nitakupikia kabla hujamaliza kunisimulia habari za safari yako. Najua, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini tambi zangu zilishajiuza zamani, kwa hiyo sasa naruhusiwa kuzitembeza kidogo.

Nilijifunza kwa mama yangu, Iringa, pale Ipogolo ambako barabara kuu inapita chini ya mlima. Tulikuwa Wakatoliki wa kweli, na Ijumaa za Kwaresima nyama haikuingia kwetu hata kwa harufu. Mama alinunua perege wa Mtera kwa wachuuzi wa baiskeli. Vitunguu aliletewa na dada yake aliyekuwa akilima Ruaha Mbuyuni, vitunguu vyekundu vya kukutoa machozi ukiwa bado mlangoni. Shida ni kwamba samaki hawakuwahi kututosha. Tulikuwa wengi, na samaki mmoja akigawiwa watu wengi kila mtu anaambulia mwiba na pole. Ndipo mama akaanza kuwachambua samaki wake, akatoa miiba yote, nyama akaichanganya na tambi na mboga mpaka sufuria ikajaa.

Nilipokua nilikuja kusikia kwamba kuna watu wanaopika tambi kwa sukari na iliki, wakazinywea chai. Sina ugomvi nao. Kwetu tambi zilikuwa chakula cha chumvi, na mama alikuwa na amri moja tu juu yake: tambi hazivunjwi. Ziingie kwenye maji ya moto zikiwa nzima, zilainike zenyewe, zijikunje zenyewe. "Ukizivunja," alikuwa akituambia, "umepika uji wenye vipande." Tulikula kwa mikono, tukizivuta midomoni kwa kelele, mchuzi ukituchuruzika hadi kwenye viwiko, na mama aliyekuwa mkali kwa kila kitu alikuwa anatuangalia tu na kucheka.

Nikaolewa na Mnyakyusa, nikahamia Mbeya, na huko nikakutana na jambo ambalo mama hakunifundisha.

Kwa watu wa mume wangu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Vijana wengi wa mjini wameliacha hilo siku hizi. Lakini baba mkwe wangu alikuwa mtu wa Tukuyu, mwenye migomba yake, shamba lake la chai na msimamo wake, na hakuona kwa nini desturi ibadilike kwa sababu mtoto wake amejenga mjini. Akija kututembelea, alikohoa mara mbili kabla hajakata kona ya nyumba, ili nipate nafasi ya kuondoka. Mimi nikisikia kikohozi, najifunika khanga kichwani na kutoweka. Hatukuwahi kupeana mkono. Hatukuwahi kuketi chumba kimoja. Hatukuwahi kusemeshana hata neno. Akiwa na ujumbe kwangu anamwambia mume wangu, nami niko nyuma ya pazia nasikia kila kitu: "Mwambie mkamwana asante kwa chakula." Nami namjibu mume wangu: "Mwambie baba karibu tena." Mume wangu alisimama katikati kama mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja.

Mwanzoni nilichukia sana. Kwetu Iringa nako mkwe ni mkwe, anaheshimiwa, lakini siyo kukimbiana kama kuku na mwewe. Sisi Wahehe hatujazoea kukimbia. Nilijiambia kwamba huyu mzee ananidharau, labda alitaka mwanawe aoe jirani yake kulekule migombani, na desturi ni kisingizio tu.

Niliamini hivyo mpaka nilipoharibikiwa na mimba yetu ya pili. Mzee alipopata habari alikuja na gari la asubuhi kutoka Tukuyu. Nilimsikia akikohoa, na sikuwa na nguvu hata ya kuvuta khanga. Hakuingia ndani. Alichukua kigoda, akakiweka chini ya dirisha la chumba nilicholala, akakaa ameuegemea ukuta, mgongo wake upande wangu. Alikaa pale kutwa nzima. Watu walipita wakamsalimu, aliwaitikia kwa sauti ya chini. Kwangu hakutuma neno lolote. Jioni aliacha mkungu wa ndizi mlangoni, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nilimpenda yule mzee. Sura yake sikuijua vizuri, ila nilijua kikohozi chake, viatu vyake vyeusi alivyovivua mlangoni vikiangalia nje, na zaidi ya vyote nilijua sahani zake. Sahani zilikuwa ndiyo mazungumzo yetu. Mboga akiipenda, anaifuata na tonge la ugali mpaka sahani inang'aa. Asipoipenda, anaisukuma pembeni na kuifunika na mfupa ili asinivunje moyo. Nilijua hapendi bamia. Nilijua pilipili anaipenda ila yeye haimpendi. Hakuna hata jambo moja aliloniambia.

Mwaka jana, katika baridi ile ya Juni ambayo Uyole watu wanalala na soksi, mzee alipasuliwa tumbo hospitalini mjini Mbeya. Mambo yalikwenda vizuri. Akaletwa kwetu apate nafuu, kwa kuwa hospitali haiko mbali, tukampa chumba kinachopakana na jiko maana ndicho chenye joto. Kidonda kikafunga. Siku ya kumrudisha kwa daktari, daktari alimpima, akamwambia mume wangu kwamba mzee hana ugonjwa tena ila njaa. Akila atapona. Asipokula, hakuna dawa ya kumpa.

Naye hakula. Ugali ulimshinda, meno yalishabaki mawili matatu ya mbele. Ndizi za kupondwa alionja akaacha. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kutoka Tukuyu kumuuguza baba yake, na sitamsema vibaya hapa, kwa sababu hakuna binti aliyehangaika kuliko yule. Alipika uji wa ulezi, uji wa mahindi, uji wa mchele na maziwa, uji wa karanga. Mkono wa mzee ulipoanza kutetemeka, alikwenda dukani akanunua kikombe cha plastiki chenye mfuniko na mdomo, kile wanachopewa watoto wanaoanza kutembea, uji usimmwagikie. Anasimama mbele yake na kitambaa mkononi: "Kunywa, tata. Kunywa kidogo tu." Mzee anageuza uso ukutani. Uji unarudi jikoni kama ulivyotoka, na mimi naumwaga, nikiona mashavu ya kikombe kile yamechorwa vibata vya njano.

Asubuhi moja mzee akasema, "Nipelekeni nyumbani."

Nilikuwa jikoni, nilisikia kupitia ukutani. Mtu mzima wa kule, mgonjwa, akisema nipelekeni nyumbani, haulizwi anakwenda kufanya nini. Amechoka, anataka akafie kwenye migomba yake. Wifi yangu alilia kwanza, kisha akajikaza akampigia simu mtu mwenye gari, wakapatana kwamba aje kesho yake asubuhi. Mume wangu alitoka nje akasimama kwenye shamba letu la viazi, akiangalia malori yanavyopanda barabarani. Nilimfuata. Alifuta uso tu kwa mkono wa koti.

Mimi hasira yangu hutangulia machozi. Nilirudi ndani nayo. Mtu kisu cha daktari hakijamuua, aje auawe na uji? Tena atoke nyumbani kwangu? Nilikuwa naona kabisa vile watakavyosema Tukuyu: alikwenda kwa yule Mhehe, akarudi mifupa. Hilo liliniuma, siwezi kusema halikuniuma, kwa sababu kupika ndiyo jina langu. Lakini lililoniuma zaidi ni kile kigoda chini ya dirisha.

Nikamkuta wifi anachekecha unga.

"Wifi, weka hilo chekeche," nikamwambia. "Leo jioni napika mimi."

"Utapika nini ambacho mimi sijapika? Ugali hawezi, ndizi amekataa, uji amekataa."

"Tambi na samaki."

"Gwe!" Aliacha chekeche kweli. "Tambi? Hii si chakula ya watoto? Na samaki miiba yake je? Mtu hana meno unataka kumuua mapema?"

"Miiba nitaitoa kwa mikono yangu. Tambi hazihitaji meno."

"Basi uvunjevunje, ikalainika kabisa kabisa, nimpe na kijiko."

"Tambi hazivunjwi, wifi."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama wifi anavyojua kutazama. "Nyie Wahehe," akasema, "mna kiburi mpaka kwenye tambi."

"Afadhali kiburi kuliko uji."

Akacheka. Alikuwa hajacheka tangu afike, na nilifurahi kwamba nimeanza kazi vizuri.

Sokoni Uyole samaki wa Kyela huwa wanafika kabla jua halijakaa sawa. Mama muuza samaki alitaka nichukue mbasa, ambaye kwa kweli hakuna samaki mtamu kama yeye katika ziwa lile la Kyela, lakini vimiiba vya mbasa ni vyembamba kama nywele, na siku ile sikuwa nabahatisha. Nikachagua perege wakubwa. Nikafunua mashavu kuona wekundu, nikabonyeza ubavu kuona kama kidole kinaacha shimo. Muuzaji akaniuliza kama naolewa au naozesha. Nikamwambia leo nampikia mkwe, akawatoa wale aliowaweka chini ya majani kwa ajili ya wateja wake wa kudumu. Nikapitia karoti, hoho, kabichi dogo lililofunga vizuri na njegere mbichi. Vitunguu nilikuwa navyo. Mpaka leo mama ananitumia kwa basi vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kana kwamba Mbeya hakuna vitunguu, nami sijawahi kumwambia vipo.

Sasa niache nijisifu, maana hapa ndipo penyewe.

Samaki niliwapaa magamba nje ya nyumba, nikawaosha, nikawapaka ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, nikawaacha wakae. Nikawakaanga kwa moto mdogo, ngozi ishike rangi lakini nyama ibaki na maji yake. Walipopoa nikaketi na sinia mapajani, nikaanza kuwachambua. Kazi hii haifanywi na macho. Macho yanadanganywa na rangi, kidole hakidanganywi. Kila kipande nilikipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, kipande kwa kipande, na nilipomaliza nilirudia tena tangu mwanzo. Wifi alikuwa amesimama mlangoni anajifanya anatafuta ufagio.

Vitunguu nilivikaanga mpaka vikaanza kunata, nikaweka nyanya, nikaziacha zilie mpaka mafuta yakajitenga. Karoti nilizikata nyembamba kama njiti, zikaiva na njegere. Hoho na kabichi ziliingia mwishoni kabisa ili zisipoteze rangi. Pilipili niliweka moja, nzima, bila kuipasua, inukie tu na kuondoka, kwa sababu nilimjua mwenye chakula. Maji ya tambi yalipochemka nikatia chumvi, nikazishika tambi zangu kwa ngumi na kuzisimamisha katikati ya sufuria, nzima, zikasimama kama maua kwenye chupa, kisha zikaanza kulegea na kuzama zenyewe. Nilizichuja zingali na ukakamavu kidogo, nikazimimina kwenye mchuzi, nikazigeuza kwa mwiko taratibu ili zinywe. Mwisho samaki, juu, na giligilani.

Harufu ilikwenda mpaka barabarani. Watoto wangu waliacha kucheza wakaja bila kuitwa. Nyuma ya ukuta, chumbani kwa mzee, nilisikia kitanda kikilia. Mtu ambaye siku nzima alikuwa amelala alikuwa amekaa.

Nilimpakulia kwenye sahani bapa ya maua, ile ya wageni, nikaipamba mwenyewe. Wifi akaichukua na maji ya kunawa, akaingia nayo. Mimi nikasimama nimeegemea ukuta, sikio wazi. Nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Halafu mvuto mmoja mfupi, ule wa tambi kuingia mdomoni. Halafu sauti ya wifi, ya upole: "Ngoja, tata, imekuning'inia, ngoja nikufute." Halafu mlango ukafunguliwa.

Sahani ilirudi bado imejaa tambi.

"Nilikuambia, wifi," alisema, wala hakusema kwa ushindi. Macho yalikuwa yamejaa maji. "Amesema asante, ameshiba. Hata uji ni afadhali. Uji ananyweshwa."

Nikaipokea sahani ile nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Mtu mwingine angesema haijaguswa. Mimi nimesoma sahani za mzee yule tangu niolewe. Upande wa kulia, mahali mkono wake huanzia, samaki alikuwa amekwisha. Alikuwa ameliwa mpaka maua ya ukingoni mwa sahani yanaonekana. Karoti za upande ule hazikuwepo, njegere hazikuwepo. Na tambi moja, ndefu kuliko wenzake, ilikuwa imevutwa, imekatwa katikati, na kile kipande kilichobaki kimerudishwa na kulazwa vizuri juu ya nyingine, kama mtu anavyorudisha kitu asichostahili kukigusa.

Hakuna mfupa uliofunika chochote. Hakusukuma kitu pembeni.

"Wifi, ulisimama wapi?"

"Mbele yake. Na kitambaa. Si anamwagikiwa?"

Hapo nikaona kosa letu, langu na lake. Mwanamume ambaye maisha yake yote wanawake wakishamwandalia hutoka wakamfungia mlango. Mwanamume aliyekohoa mara mbili kila alipokuja ili tu asinikute kichwa wazi. Leo binti yake amemsimamia na kitambaa cha kumfuta kidevu, na mkamwana yuko nyuma ya ukuta anamsikiliza anavyovuta. Tambi hailiki kimya. Hailiki kwa madaha, sembuse kwa mkono unaotetemeka na meno mawili matatu. Chakula alikitaka, sahani inasema alikitaka sana. Aliona haya kukila mbele yetu, akasema ameshiba. Na uji wote ule nao ulikuwa hivyohivyo, na vibata vyake vya njano.

Wifi alikuwa ameshika kijiko, anataka kuzikatakata zile tambi. Nikamshika mkono.

"Ukizikata utarudi kumlisha," nikamwambia. "Mwache ale kama mwanamume."

"Akipaliwa?"

"Mlango haufungwi na kufuli. Nenda sebuleni, wifi yangu, ukale. Wewe nawe hujala tangu jana, unafikiri sikuoni?"

Nikamwita mume wangu. Nikazirudisha tambi kwenye sufuria zikapata moto upya, nikapakua kwenye bakuli kubwa lenye kina, lile ambalo mtu anaweza kulisogeza karibu na kifua na kuinama juu yake bila kuulizwa. Nikamwambia mume wangu maneno machache: mpe maji anawe, weka bakuli, toka, funga mlango, usirudi. Akaniuliza, "Basi?" Nikamwambia basi. Akafanya hivyohivyo.

Kisha nikachukua redio ya mume wangu, nikaiweka kwenye kiti kwenye korido, nikazungusha kitufe mpaka ikapata stesheni inayopiga kwaya, nikafungua sauti mpaka mwisho. Hata ng'ombe angekula chumbani kwa mzee, hakuna ambaye angemsikia. Nikatoka ukutani. Sikutaka kusikia, na kama ningetaka nisingeweza.

Sebuleni walikuwa wameanza. Nilichungulia. Mume wangu alikuwa anakula kwa uma kama mtu aliyesoma, watoto kwa mikono kama mimi nilivyokua. Wifi alikuwa ameanza na tambi moja moja, kwa dharau, akizishika kwa ncha za vidole kana kwamba zitamuuma. Baadaye dharau ilimchosha. Akainamia sahani, akavuta, tambi ikapiga pua yake ikaacha mchuzi, watoto wakaanguka chini kwa kicheko.

"Naonja tu," akanieleza, mchuzi ukiwa kidevuni. "Nione kama chumvi imekolea."

"Imekolea?"

"Bado sijajua. Niongeze."

Nilimwongezea. Mbele ya watoto sikumletea kitambaa.

Nikarudi jikoni kuosha vyombo, maana kusubiri bila kazi kunanishinda. Kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu mpaka vifuniko vya sufuria vinatetemeka. Nilikuwa na mafuta mpaka viwikoni, khanga nimeitundika kwenye msumari, kichwa wazi, na nilikuwa naomba kimoyomoyo, naomba kwa hasira kama kawaida yangu: Mungu, usinitanie leo. Nikaisugua ile sahani ya maua hata ilipokwisha kutakata.

Kwaya ikaisha, mtangazaji akavuta pumzi, na katika nafasi ile nikasikia kikohozi. Kilikuwa karibu. Nadhani alikuwa ameshakohoa mara nyingi, redio ikimmeza. Nikageuka.

Mlango wa jiko langu unatazama uani, na hapo mlangoni, katika jua la jioni, alikuwa amesimama mzee. Ametoka kwa mlango wa nyuma, akauzunguka ukuta wote kwa fimbo yake, peke yake, katika koti lake jeusi lililokuwa kubwa kwake siku hizi. Alikuwa amesimama amelipa jiko kisogo, anatazama shamba la viazi. Uso wake sikuuona. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye fimbo. Wa kulia alikuwa ameupeleka nyuma, kuelekea kwangu, na katika mkono huo alikuwa ameshika bakuli. Lilikuwa jeupe. Halikuwa na hata njegere moja.

Khanga ilikuwa mbali. Mlango ulikuwa huo huo mmoja. Nikapiga goti pale nilipokuwa, nikapokea bakuli kwa mikono miwili.

"Imebaki?" akauliza.

Aliliuliza shamba la viazi, lakini hapakuwa na mtu mwingine wa kujibu. Mume wangu alikuwa sebuleni. Hapakuwa na pazia. Nikatazama kwenye sufuria. Ilikuwa imebaki sehemu yangu tu, niliyokuwa nimejiwekea.

"Ipo, baba," nikasema. "Tena ya kutosha."

Nikapakua yote. Nikakwangua na mwiko, nikamtafutia vipande vya samaki vilivyojificha chini, nikapitisha vidole tena kwa ajili ya miiba. Nilipomwekea bakuli mkononi aliligeuza mbele taratibu, akainama kidogo akalinusa. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini haukumwaga.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana, kwa lugha yake ambayo hakuwahi kuitumia kwangu hata kwa kupitia mtu. Akapiga hatua moja, akasimama tena. "Mwambie mumeo lile gari la kesho lisije."

Kisha akaondoka, fimbo ikigonga ukutani, akakata kona. Sikulia. Nilisimama na mwiko mkononi nikajisikia mrefu kuliko mlango.

Nikapata ugali wa mchana uliokuwa umepoa kwenye hotipoti, nikauchovya kwenye mchuzi ulioshika pembeni mwa sufuria, nikala nimesimama. Wifi yangu akaja kuuliza kama kuna tambi nyingine, akanikuta hivyo, akaniuliza ninachekea nini.